Mzee Kwenye Kiti cha Mtaalamu

Wa kulaumiwa kwanza ni wakala wa Mombasa. Majina siandiki, maana watoto wao hawajanikosea, lakini kazi zao nitazitaja na wenyewe wakisoma watajijua. Huyu wakala alikuwa na ofisi juu ya duka la viatu, feni moja, na picha ya hoteli ukutani. Kwenye picha kulikuwa na wanawake nyuma ya meza ya mapokezi, skafu shingoni, wanacheka. Akaniwekea kidole pale pale. "Hapa ndipo utasimama wewe, mama. Kazi ni kukaribisha watu tu. Karibu, karibu, basi."

Mimi nilisoma hadi darasa la saba huko Voi. Hesabu ilinishinda, Kiingereza kilinishinda nusu, lakini kukaribisha watu hakuna aliyehitaji kunifundisha. Nikaja Doha.

Nikawekwa kufua. Wenyewe tunaita londri, na iko chini kabisa ya hoteli, chini hata ya mahali magari yanapoegeshwa. West Bay nzima watu wapo juu kwenye vioo wanatazama bahari, mimi nipo chini natazama mashuka. Miaka ilipita hivyo. Mvuke ulinila ngozi, miguu ikavimba, na nilimlaani wakala yule kwa lugha zote mbili ninazozijua vizuri na moja niliyoiokota huku.

Wa pili wa kulaumiwa ni msimamizi wetu wa londri. Watu wakisikia Ghuba hufikiri nitaanza kuwataja Waarabu. Hapana. Huyu ni Mkenya mwenzangu, wa Pwani kama mimi, tungekuwa nyumbani tungesalimiana sokoni. Ndiye aliyeninyima kiti nilipomwonyesha miguu. Na ndiye aliyekuwa akiniletea majoho. Joho ni lile vazi la juu la wakubwa wa huku, jepesi, jeusi au la kahawia, limetiwa uzi wa dhahabu ukingoni. Mashine haliingii. Yeye alikuwa akiuogopa ule uzi kama umeme, kwa hiyo ananirushia mimi, naliosha kwa mkono taratibu, nalipiga pasi kwa kitambaa, halafu yeye analining'iniza na kulipeleka mwenyewe kwa mwenyewe. Kazi ilikuwa yangu, shukrani zinapanda lifti naye.

Sasa hii siku ninayoikumbuka ilikuwa ya furaha, nisiwachoshe na uchungu wangu. Lakini lazima mjue nilikuwa natoka wapi.

Mafuta yalikuwa yameshuka bei mwaka ule, na hoteli ikapata kongamano la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kiarabu. Walikuja wa Tunis, wa Kairo, wa Amman, wa Maskati, na wa hapa hapa Doha. Wakae ukumbini na wataalamu wa uchumi waulizane: mafuta na gesi vikiwa havitoshi tena, nchi zao zitakula nini, na hawa vijana wote wenye digrii wataajiriwa na nani. Kukawa na upungufu wa wakaribishaji. Nikapanda ngazi kwenda kwa meneja wa kumbi, mama mmoja Mfilipino asiyecheka kazini, nikamwambia hii ndiyo kazi niliyoahidiwa tangu Mombasa.

Akanitazama juu mpaka chini. "Siku moja," akasema. "Ukiiweza, unabaki juu. Ukiivuruga, unarudi chini, na usinijie tena."

Msimamizi wa londri alipopata habari akacheka mpaka akashika meza. "Mama Ukumbi! Nenda, nenda. Mimi nitakuwekea kiti chako."

"Kiti gani?" nikamjibu. "Umeanza lini kuwa na kiti?"

Asubuhi yake, kwenye nyumba ya kampuni kule Fereej Bin Mahmoud, wasichana wa chumbani walinifunga skafu, wakaifungua, wakaifunga tena. Mmoja akasema nafanana na mhudumu wa ndege. Mwingine akasema ndege ya mizigo. Nilikwenda kazini nikicheka.

Jukwaani hawakuweka meza. Walitaka mambo yaonekane kama majlisi, kile chumba ambacho kila nyumba ya huku inacho cha kupokea wageni. Makochi marefu yenye mito, zulia jekundu, na katikati kiti kimoja kikubwa kuliko vyote. Kiti hicho ni cha mtaalamu mkuu, aliyetoka Beirut, ambaye hotuba yake ndiyo watu wote walikuja kuisikia.

Na hapa ndipo anapoingia wa tatu wa kulaumiwa: mratibu wa kongamano, bibi mwembamba mwenye simu mbili, ambaye alikuwa akiongea na zote mbili kwa pamoja. Alitupatia boksi la vitambulisho vya kuvaa shingoni, utepe mwekundu kwa wataalamu, wa kijani kwa wanafunzi. Cha mtaalamu mkuu hakikuwamo, hakijatoka kwa mpiga chapa.

"Sasa nitamjuaje?" nikauliza.

"Mtamjua," akasema, akaenda na simu zake.

Mtamjua! Picha hakuleta, jina hakulitaja, umri wa mtu hakusema. Nataka mkumbuke neno hilo.

Karibu nami mlangoni alisimama mmwaga kahawa, Mganda mrefu aliyevishwa kizibao cha nakshi, dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe vidogo visivyo na mkono vimepandana mkono wa kulia. Amekaa Doha kuliko mimi, na Kiarabu chake ni kizuri kwa sababu kazi yake yote ni kusimama watu wanapoongea.

"Nnyabo, unatetemeka," akaniambia, ndiyo kusema mama kwa Kiganda.

"Sitetemeki. Ni hii AC."

"Basi AC inakutetemesha vizuri sana."

Wanafunzi wakaanza kumiminika. Nikawa nakaribisha! Karibu huku, tafadhali kule, utepe wa kijani, utepe wa kijani. Akaja kijana mmoja mwenye begi la mgongoni na raba za kukimbilia, nywele hazijachanwa, anatazama huku na huku. Akaanza kuniuliza kitu. Nyuma yake watu wamejaa. "Yalla, ya walad, yalla," nikamwambia, ndiyo kusema haya twende kijana, nikamvisha utepe wa kijani, nikamwonyesha mstari wa tatu. Alitazama utepe, akanitazama mimi, akatabasamu. Akaenda kukaa.

Halafu ikaja harufu ya udi, na nyuma ya harufu akaja mzee.

Alikuwa na ndevu nyeupe zilizochongwa, bakora mkononi, na joho jeusi la ukingo wa dhahabu pana. Joho kama lile mimi nalijua kwa vidole. Mtu halivai kwenda dukani. Linavaliwa kwenye harusi, au mbele ya watawala. Nikasema moyoni: mtamjua. Haya, nimemjua.

"Tafadhali, hajji," nikamwambia, nikamtangulia. Akanishika mkono kupanda ngazi za jukwaa. Akayatazama makochi, akakitazama kiti kikubwa, akakiendea moja kwa moja kama mtu anayekwenda kwenye kitanda chake mwenyewe. Wataalamu waliokwisha kukaa wakainuka wote kumsalimia, pua kwa pua na bega kwa bega. Yule Mganda, kwa kuwa anaijua kazi yake, akaanza na yeye. Na mzee akanywa finjani la kwanza akiwa kwenye kile kiti.

Akishakunywa hapo, khalas. Hakuna wa kumwondoa.

Nikarudi mlangoni kifua mbele. Meneja wangu alikuwa amesimama pembeni, akanipungia kichwa kidogo. Nilijiona juu.

Mwongozaji wa mjadala alikuwa mtangazaji wa televisheni, nywele zinang'aa kama zimepigwa rangi ya viatu. Akapanda, akafungua kadi, akaanza kumsifu mtaalamu mkuu. Kasoma chuo kile, kafundisha chuo hiki, kaandika vitabu, kashauri serikali. Yule mzee alikuwa akisikiliza kwa makini, kichwa kinakwenda juu na chini. Kila sifa anasema mashallah. Sifa zilipoisha ukumbi ukapiga makofi, na mzee naye akapiga makofi kwa nguvu, huku akigeuka kulia na kushoto kutafuta ni nani huyo aliyesifiwa hivyo.

Mstari wa tatu, kijana wa raba akainuka. Utepe wa kijani shingoni. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akakaa.

Kumbe mtaalamu ndiye huyo! Nikajiona tayari nimerudi londri.

Msichana mmoja mwenye abaya mstari wa pili alikuwa amejifunika uso kwa karatasi zake, mabega yanatikisika. Nikamwinamia nikamuuliza kama anaumwa. "Yule ni babu yangu," akaninong'oneza. Alikuwa analia au anacheka, vyote viwili nadhani. "Mimi leo nazungumza. Alipoambiwa nitazungumza mbele ya madaktari wa uchumi akaenda kutoa joho la harusi. Nilimwambia akae nyuma tu, atazame!"

Kukaa nyuma. Mzee yule, na joho lile. Mpaka leo nasema kosa si langu. Umpeleke mwenye mvi nyuma na mwenye begi la mgongoni mbele? Voi haipo hiyo. Na Doha vile vile haipo, kwa sababu pale jukwaani watu wote walikuwa wameshaelewa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia ainuke.

Mratibu alikuwa mwekundu, anapiga kelele kwenye simu zote mbili. Na nani nikamwona kwenye mlango wa wahudumu? Msimamizi wa londri. Alikuwa na vitambaa vya meza mikononi, kisingizio, maana vitambaa siku zote huletwa na vijana wake. Alikuja kuniona nikianguka. Akaninyooshea kidole, halafu akakielekeza chini. Chini. Anacheka.

Jukwaani mwongozaji aliinama kumnong'oneza mzee. Mzee hakujua kunong'ona, na kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

"Huyo daktari yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, ami," akaitikia kijana, kama unavyomwita baba mdogo.

"Hapo ulipo unasikia?"

"Nasikia."

"Nasi tunakusikia?"

"Mnanisikia."

"Basi, unangoja nini? Anza."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kijana akageuza kiti chake, akawatazama wanafunzi wenzake wa utepe wa kijani, akaanza. Kiarabu changu kilikuwa cha londri, lakini maneno mengi ni ya kwetu, kazi ni shughuli, mustakabali ni mustakabali, na panaponishinda Mganda ananigongea kiwiko na kunieleza.

Nilichokiona ni hiki. Wale wanafunzi walikuja na karatasi za kusoma, wamekauka kama walio kwenye mtihani. Lakini mtu amekaa katikati yenu, raba kama zenu, utepe kama wenu, mtamwogopaje? Kijana wa Tunis akamkatiza. Mwenzake wa Amman akasema mjomba wake ni mhandisi na anaendesha teksi, kwa hiyo asiambiwe tena habari ya kusoma kwa bidii. Msichana wa Kairo akasimama kabisa. "Ninyi wataalamu mliwaambia baba zetu maneno haya haya!"

"Mimi nilikuwa sijazaliwa," mtaalamu akajitetea.

"Basi baba yako!"

Wakawa wanaongea wote. Mwongozaji nywele zilimwanguka usoni. Ndipo mzee akafanya kile ambacho mwenye kiti cha kati hufanya kwenye majlisi yoyote. Akagonga bakora. Akaielekeza kwa wa Kairo: wewe, maliza. Akaielekeza kwa wa Tunis: wewe, ngoja. Mtaalamu mmoja mwenye ndevu kwenye kochi alitaka kuingilia, bakora ikamgeukia naye: wewe zamu yako umeshaila, waachie watoto. Habari ya uchumi hakusema hata moja. Aligawa zamu tu, na kila mtu akaipokea zamu yake kama mkate.

Halafu akatazama ukumbi, akakunja uso. "Hawa mbona hawana kahawa?"

Kahawa ilikuwa ya jukwaani peke yake. Mganda akanitazama. Mimi nikamtazama meneja. Meneja akatazama ule ukumbi wote uliojaa, akafumba macho, akasema, "Leteni."

Tukakimbia. Tulikusanya vikombe vya jikoni, vya mgahawa, vikombe vya mayai, nakwambia. Nilipita na sinia mstari hadi mstari, karibu, karibu, skafu imenigeukia mgongoni, na watoto wa watu wanapokea na kuendelea kugombana juu ya kikombe. Nilikuwa nimesahau kuogopa.

Ilipofika zamu ya msichana wa abaya, babu yake akamnyooshea bakora, uso mkavu kabisa. "Na wewe, binti wa nani?"

"Binti wa mzee mmoja mkaidi," akajibu.

Watu walicheka mpaka mtaalamu wa Beirut akafuta macho. Msichana akaziweka karatasi chini. Akasema kila siku wanaulizwa mafuta yakiisha watafanya nini, yeye anataka kujua sasa hivi wanafanya nini. Anasomea mitambo ya kusafisha maji ya bahari, na anataka kuwa na karakana yake aitengeneze mwenyewe, kwa mkono wake. Yule mwenye ndevu kwenye kochi akatabasamu vile wakubwa wanavyotabasamu. Akamwambia kazi ya mikono ina watu wake, wanatoka nje, na ni rahisi.

Rahisi. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa, maana bei ikiwa ndogo hata sisi tunasema hivyo hivyo. Nilikuwa chini ya jukwaa, hatua mbili kutoka kwake, na sinia.

"Rahisi kwa nani?" msichana akamuuliza.

Mtaalamu akaanza kuchezea utepe wake. Watu wakatazama vikombe vyao. Mganda alikuwa amesimama kando ya mzee na dele lake, wima kama mlingoti. Na mzee, kwa furaha ya kuona mjukuu wake amemziba mtu mdomo, akainua bakora juu aseme mashallah, na bakora ikalipiga dele.

Kahawa yote ikaingia kwenye joho. Mbele, kuanzia kifuani, mpaka kwenye ule ukingo wa dhahabu.

Nilipanda jukwaani hata sijui nilipandaje. Nikamvua joho taratibu, nikalikunja ndani kwa ndani uzi usizidi kulowa, kama nilivyozoea. Alikuwa amebaki na kanzu nyeupe, anacheka. "Endeleeni," akawaambia. "Bibi huyu analijua."

Waliendelea mpaka adhana ya alasiri.

Mlangoni, watu wakitoka, mratibu alinijia na simu zake. "Nani alimkalisha yule mzee pale? Nani?"

"Ni huyu!" akaitikia msimamizi wa londri kutoka nyuma, haraka kuliko alivyowahi kuitikia kazi. "Nilisema mimi. Huyu ni wa chini."

Meneja akanitazama. "Ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Niliambiwa nitamjua."

Kabla hajajibu bakora ikagonga sakafu nyuma yetu. Mzee alikuwa anatoka, mjukuu amemshika mkono. Huku mgeni haondoki bila kumshukuru aliyempokea. Akanishukuru mimi kwanza, kisha akamgeukia meneja. Alimwambia amekwenda hoteli nyingi za West Bay, huwa wanamweka pembeni na chupa ya maji, na hii ndiyo ya kwanza ambayo bado inajua kukalisha watu. Mjukuu wake akizungumza tena, apokewe na huyu huyu. Mratibu alimtazama mzee, akaitazama bakora. Halafu akasema, "Tumefurahi, hajji," na simu zote mbili akazitia mfukoni.

Mtaalamu wa Beirut alipita, begi mgongoni. Nikamwomba anirudishie utepe wa kijani. Akaufunika kwa kiganja. "Yalla, ya khala, yalla," akaniambia, ndiyo kusema haya twende mama mdogo, akaondoka nao.

Meneja akalitazama joho mikononi mwangu. Midomo yake ilikuwa inafanya kitu ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa kicheko. "Kesho saa mbili, mlango ule ule," akasema. "Na hilo joho mzee analitaka leo jioni."

Nikashuka mara ya mwisho. Lifti ikanifikisha kwenye ule mvuke, nikamkuta msimamizi amerudi, amekaa kwenye kiti. Kumbe kiti kilikuwapo. Nikalitandaza joho juu ya meza mbele yake, doa lote wazi, uzi wa dhahabu unang'aa.

"La leo jioni," nikamwambia. "Kwa mkono."

Akalitazama bila kuligusa. "Wewe ndiye huwa..."

"Mimi ni wa ukumbini," nikasema. "Likiwa tayari nipigie, nitalipeleka mwenyewe kwa mwenyewe."